Mwambie Aweke Kubwa

Jamani, hivi nani aliwaambia watu kwamba mtu akijua kuhesabu katoni basi na chuma anakijua?

Mimi nahesabu katoni. Maji ya chupa yanatoka kiwandani, nahesabu. Zikipungua, nakatwa. Zikizidi, hakuna anayeniongezea. Hiyo ndiyo taaluma yangu hapa Juba, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo nyingine. Nyumbani kwangu hata redio ikikwama anaitwa jirani.

Lakini tajiri wangu hana habari hizo. Tajiri akikukuta umesimama, una kazi. Na mimi nina bahati mbaya ya kusimama mahali wazi.

Mambo yalianzia kwenye kiuno. Tajiri alikwenda mkutano kwenye hoteli moja ya maana, akawekewa mezani maji ya chupa ya nje. Chupa ina kiuno. Ina mabega yaliyoteremka taratibu, tumbo lina mawimbi. Akarudi nayo mfukoni, imeshakwisha maji, akaiweka pembeni ya chupa yetu. Yetu imenyooka juu mpaka chini, haina shepu. Akatuangalia sisi wafanyakazi kama tuliomzibia riziki. "Nile inapita hapo nyuma yenu," akasema, "halafu chupa yangu haina hata wimbi moja?"

Ikaagizwa moldi mpya. Nairobi, kwenye karakana moja ambayo jina nalihifadhi kwa sababu bado wananipigia simu.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmoja wao, chupa ya plastiki haifinyangwi. Kinachukuliwa kichupa kichanga, kinene, kidogo, kinapashwa moto, kinafungiwa katikati ya vipande viwili vya alumini, ndiyo moldi yenyewe, kinapulizwa hewa ya nguvu. Kinavimba mpaka kinagusa ukuta. Ukuta ukiwa na kiuno, chupa inatoka na kiuno. Ukuta ukiwa na kidonda, chupa inatoka na kidonda, na kila chupa itakayofuata nayo inacho. Sasa hicho kiuno cha ndani ya alumini lazima mtu akichonge. Ndiyo mashine ya miling inapoingia. Na mimi nikaingizwa nayo.

Simu iliita tajiri akiwa kwenye kikao. Akanirushia. Upande wa pili fundi, sauti ya kistaarabu kabisa. "Bosi, nimeshamaliza rafu. Sasa finishing. Nikuwekee stepova ngapi? Pointi tatu, au moja nzima?"

Nilikuwa nimesimama karibu na akina dada wa uhasibu. Mwanamume hawezi kuuliza stepova ni nini mbele ya uhasibu.

"Weka kubwa," nikasema.

"Kubwa ndiyo hiyo moja. Una uhakika?"

"Fundi, sisi si watu wa pointi. Weka kubwa."

Bei ikashuka. Tajiri alipoona ankara akanipiga begani, akasema nina kichwa cha biashara. Tangu niajiriwe nilikuwa sijawahi kusifiwa. Uhasibu wakanitazama upya. Nililala usingizi wa waziri, na mpaka leo sioni nilikosea wapi. Niliulizwa ndogo au kubwa. Wewe ungejibu ndogo?

Siku ya mzigo kufika nikatumwa uwanja wa ndege.

Mnaujua uwanja wa Juba. Mwaka 2017 mtandao mmoja wa wasafiri, wale wa kulinganisha viwanja duniani, uliutaja kuwa mbaya kuliko vyote. Abiria walikuwa wanasubiri kwenye mahema, wanakanyaga sakafu ya mbao. Mwaka uliofuata likafunguliwa jengo jipya, na sasa mtu anasafiri kama mtu. Hongera kwao. Ila hilo jengo ni la abiria. Mwenye tiketi anaingia kwenye kivuli. Mwenye moldi anazunguka upande wa mizigo, na jua la Juba kabla ya mvua halina undugu na mtu. Shati langu lilikuwa la bluu nilipotoka Gudele. Nilipofika pale lilikuwa na ramani.

Sanduku lenyewe la mbao, dogo. Nikaliona nikacheka. Nikainama, nikashika, nikanyanyuka. Mimi nilinyanyuka. Sanduku lilibaki. Nikajifanya nilikuwa nasoma maandishi ya ubavuni. Akaja kijana wa kupakia, anaongea na simu, akalichukua kwa mkono mmoja, akaliweka mezani, akaendelea na maongezi yake bila hata kuniangalia.

Afisa akalifungua. "De shunu?"

Kiarabu changu cha Juba kinaishia kwenye bei ya vitunguu. Lakini hilo nalielewa: hii ni nini. Nikajibu kwa kujiamini, "Chupa."

Akaitazama ile alumini. Akaigonga kwa kalamu. Ngo, ngo. Akaniangalia. Akamwita mwenzake. Mwenzake naye akagonga. Nikaongeza maelezo kwa mikono: nikapuliza hewa, nikavimbisha mashavu, nikajichora kiuno. Hapo wakaja watu watatu zaidi, na hao hawakuwa maafisa, walikuja kutazama tu.

Aliyeniokoa ni dada mmoja, wakala wa kutoa mizigo. Kakulia Kakuma, akasomea ufundi mitambo Eldoret, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwalimu wangu wa darasa la saba. Akasema nao maneno mawili, muhuri ukapigwa. Nikamshukuru. Akaniambia, "Haina shida, mzee."

Mzee! Tumepishana miaka michache tu.

Sasa ningelichukua sanduku langu nikaondoka, yangeishia hapo. Lakini dada akatumbukiza mkono ndani ya moldi, akapitisha ukucha kwenye ule mkunjo wa tumbo la chupa. Krrrrr. Akasimama. Akapitisha tena. Krrrrr.

"Mzee, nani alichagua njia hii?"

"Ndege imetoka Nairobi moja kwa moja," nikamwambia.

"Njia ya kisu."

Nikanyamaza. Nimejifunza kwamba ukinyamaza huku umekunja uso, watu hudhani unafikiri.

Akageuza nakala ya hati ya mzigo, akachora. Mahali palipo bapa, akasema, kisu cha miling chenye tako bapa kinapita mara moja na kazi imekwisha. Kwenye mkunjo tako bapa linachimba ngazi. Kwa hiyo kinafungwa kisu chenye kichwa cha duara. Kichwa cha duara kinakwenda kwa mistari, kinapita, kinahama kidogo, kinapita tena. Kila mpito unaacha kijibonde. Kati ya kijibonde na kijibonde kinabaki kituta. Ule uhamaji wa pembeni ndio stepova.

Hapo koo likanikauka, na si jua.

"Fundi huyu alitumia kisu cha milimita 6," akaendelea. "Chukua stepova, izidishe yenyewe kwa yenyewe, gawa kwa mara nane ya nusu-kipenyo. Kwa milimita moja, kituta kinapata mikroni 42. Kwa pointi tatu kingekuwa mikroni 4 hivi." Akaniangalia. "Punguza stepova kwa nusu, kituta kinashuka mpaka robo. Ila saa za mashine zinakuwa maradufu. Mtu anayejali bei anachagua kubwa."

"Watu wengine bwana," nikasema. Nikatikisa kichwa.

Sasa mngemwacha mtu apumzike hapo, si ndiyo? Wapi! Akasogeza kidole ukutani, karibu na ukingo ambapo vipande viwili vinakutana. Pale hata mimi bila miwani niliona. Pamekaa kama shamba lililopitiwa na plau. Kwa nini pale pabaya zaidi? Kwa sababu stepova inapimwa kwa kuangalia kutoka juu, lakini ukuta umesimama. Milimita moja ya kutoka juu, kwenye mteremko wa digrii 60, ukiifuata juu ya chuma chenyewe ni milimita mbili. Umbali ukiwa mara mbili, kituta kinakuwa mara nne. Mikroni 160 na ushee. Unene unaopita karatasi ya daftari.

"Angepitisha kisu kwa upana," akasema, "kishuke ukuta huu, kipande ule, vituta vingelingana kote. Yeye kapitisha kwa urefu wa chupa."

"Kwa nini?" nikauliza. Lilikuwa swali langu la kwanza la maana siku ile na nililitoa kwa bahati mbaya.

Kwa sababu urefu ni rahisi. Mpito mrefu, mashine inashika mwendo, inatiririka. Ukipita kwa upana mipito ni mifupi, kila baada ya sentimita chache mashine inafunga breki, inageuka, inaanza upya. Muda unakwenda. Halafu kisu kikishuka ukutani kwa pua, kinachimba kwa ncha, na ncha ya kisu cha duara ni tatizo. Au angegawa kazi: ukutani azunguke ngazi kwa ngazi kutoka juu kwenda chini, kwenye bapa la chini apige mistari. Hiyo nayo ni programu mbili, na mahali zinapoungana lazima pasawazishwe. Kila njia ina gharama yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza chupa hii itaonekanaje.

Nikauliza ncha ina tatizo gani. Sikutaka kujua. Nilitaka tu tuhame kwenye mada ya stepova.

"Ncha haikati," akasema. "Spindo inayozungusha kisu inaweza kuzunguka mara 10,000 kwa dakika, lakini pale katikati kabisa kasi ni sifuri. Inazunguka, haiendi popote. Haikati chuma, inakisugua."

Ndugu zangu, nilijisikia nimetajwa kwa jina.

Akanionyesha chini ya tumbo la chupa: mstari mmoja umefifia, hauna mng'ao kama pengine. Ndipo ncha ilipolala. Ndiyo maana mwenye mashine ya mihimili mitano anakilaza kisu pembeni digrii 10 au 15, kikate kwa shavu badala ya pua. Na kisu kilichosimama wima hakikati hata kwa ukubwa kinaoutangaza. Ukizamisha kisu cha milimita 6 kwa pointi mbili tu, sehemu inayogusa chuma ina kipenyo cha milimita mbili na kidogo. Fundi akipiga hesabu ya kasi kwa ile 6 ya kwenye boksi, anadhani anakata mita 188 kwa dakika. Kumbe hafiki 70. Alumini laini ikikatwa polepole inajibandika kwenye meno ya kisu, halafu kisu kinaburuza badala ya kukata. Dawa yake ni kuongeza mizunguko kama spindo inaruhusu, na kupulizia hewa au maji ya kupoza yaondoe vumbi la chuma.

Na hapo shingoni, kuna vimistari kama vya kutetemeka. Kisu kiliimba. Shimo lina kina, fundi akakitoa kisu kirefu kwenye kishikio ili kifike. Urefu ukiuongeza mara mbili, kisu kinapinda mara nane kwa nguvu ile ile. Angekitoa kifupi iwezekanavyo, au apunguze fidi, yaani mwendo wa kisu.

Mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa kila sentensi. Shingo ilianza kuuma. Kijana wa kupakia alikuwa amemaliza simu yake na sasa anasikiliza, na anaelewa, mjinga yule. Akauliza, "Kwa hiyo kwenda na kurudi bila kunyanyua kisu pia kunaacha alama?" Dada akafurahi. Akamwambia ndiyo, kwenda meno yanaingia yakianza na chipu nene, kurudi yanaanza na nyembamba, kwa hiyo mpito mmoja unang'aa na unaofuata unafifia. Kijana akasema, "Ahaa." Na mimi nikasema ahaa, lakini yangu ilichelewa.

Nikaona nirudishe heshima. Nikatoa wazo. "Dada, si tunasugua na msasa tu?"

Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akanishika kiwiko, akanisogeza mlangoni, akanionyesha uwanjani. Kulikuwa na ndege ndogo moja aina ya Caravan imeegeshwa, fundi wa ndege amesimama mbele ya pangaboi na tupa ndogo mkononi. Ndege hizi zinatua kwenye viwanja vya murram huko majimboni, changarawe inarushwa, inakula ukingo wa pangaboi. Kijeraha kidogo tu. Pangaboi la alumini likiwa na kijeraha, ufa unaweza kuanzia pale. Basi fundi anakifuta: anapiga tupa taratibu, anakigeuza kibonde kirefu chenye mteremko laini, halafu msasa.

"Mwangalie mkono," dada akasema.

Nikauangalia. Unakwenda kwa urefu wa pangaboi, kutoka shinani kuelekea nchani. Haukati upande hata mara moja.

"Mikwaruzo ikikatiza upana, kila mkwaruzo ni mwaliko wa ufa. Na ana kitabu kinachomwambia aondoe kiasi gani, akizidisha pangaboi linatupwa. Wewe ukisugua moldi kwa mkono bila kipimo, utalainisha vituta, sawa. Utalainisha na ule ukingo wa kukutania. Chupa zitatoka na mshono wa kukata midomo ya watu."

Nikauliza kwa nini basi vitu hivi vyote visifanywe kwa mkono na watu wenye akili kama yule fundi, tuachane na mashine. Hapo akanionyesha helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa zimepangana kule mbele. Ukisikia mashine ya CNC, ile inayoongozwa kwa namba, akasema, imeanzia kwenye mapanga ya zile. Miaka ya 1940 huko Michigan, Mmarekani John Parsons alikuwa anaunda mapanga ya helikopta na alihitaji vipimo vya chuma vyenye mkunjo sahihi. Akapata hesabu ya vituo vingi juu ya mkunjo. Mtu mmoja anasoma namba kwa sauti, wawili wanazungusha mikono ya mashine, huyu wa kwenda mbele na huyu wa kwenda pembeni, kituo kwa kituo. Baadaye jeshi la anga likatoa pesa, chuo cha MIT kikaingia, na mwaka 1952 wakaonyesha mashine ya miling inayosoma namba yenyewe kwenye utepe wenye matundu.

Mnaona mambo hayo? Katika fani nzima hii kulikuwa na kazi moja tu ninayoiweza, kusimama na kusoma namba kwa sauti. Nayo wakaupa utepe.

Simu ikaita. Tajiri. Dada ananitazama, kijana ananitazama, hata afisa wa kalamu amegeuka.

"Umeipata?"

"Nimeipata, bosi."

"Ikoje?"

Nikameza mate. "Ina... ina mawimbi, bosi."

"Vizuri sana! Si tuliagiza mawimbi?"

Akakata. Dada akakunja ile karatasi yenye michoro, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akapapasa mfuko. "Mpe bosi wako, mzee." Sijampa. Iko chini ya godoro.

Moldi ikafungwa, chupa zikatoka. Ukizishika kwenye mwanga unaona mistari tumboni, na karibu na mshono imekolea zaidi. Tajiri akaipitishia kidole. Mimi nimesimama nasubiri kufukuzwa. Akasema chupa haitelezi mkononi. Akachapisha lebo mpya yenye maneno ya mshiko imara. Mama wa chai kwenye kona ya Thongpiny ananiambia wateja wanaipenda. Fundi wa Nairobi amelipwa mpaka senti ya mwisho, na amesema sisi ni wateja wanaojua wanachotaka.

Tatizo limebaki moja. Tajiri sasa anataka moldi ya chupa ya lita moja na nusu, yenye kiuno kirefu zaidi na mabega ya mviringo, na amemwambia fundi asimpigie yeye tena. Apige kwangu. Mimi ndiye mtaalamu wa kampuni. Uhasibu wameshaarifiwa kwa barua.

Kwa hiyo msomaji wangu, kama uko kwenye karakana za Gerezani, kama uko kwenye zile za Industrial Area, kama una ndugu anayeendesha miling popote pale, niulizie: chupa ya lita moja na nusu, kisu cha kichwa duara cha milimita 10, stepova iwe ngapi, na kisu kipite kwa urefu au kwa upana. Asijisumbue kunieleza sababu. Namba tu inatosha, na iwe kabla ya Jumatatu.